Msokoto Wenye Nta Ndani: Mambo Ambayo Mkazi wa Eastlands Anafaa Kujua

Chukua mfano huu. Ni Ijumaa jioni katika mtaa mmoja kando ya Jogoo Road. Vijana wanne wameketi kwenye ngazi za ploti, wamewasha msokoto mmoja wa bangi na wanapokezana. Mmoja wao ana umri wa miaka 19 na si mara yake ya kwanza. Anavuta mara tatu, kama kawaida yake. Kabla ya dakika 10 kwisha, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamtoka na anawaambia wenzake kwamba anakufa. Hapo ndipo mwenye msokoto anasema kwamba ndani yake alikuwa ameweka "nta".

Wenzake wanatazamana. Mmoja anataka wamkimbize hospitali. Mwingine anasema wakifika huko wataitiwa polisi. Wa tatu anasema apewe maziwa alale. Dakika zinapita, na mama yake kijana huyo yuko orofa ya tatu, hajui lolote.

Makala haya yanaeleza nta hiyo ni nini, kwa nini msokoto wa aina hii hauwezi kulinganishwa na ule ambao watu wa mtaa wameuzoea, sheria inasema nini, na wale vijana watatu walipaswa kufanya nini katika dakika hizo.

KWA NINI KAUNTI INAZUNGUMZIA JAMBO HILI

Wakazi wengi hudhani kwamba suala la mihadarati ni la polisi na NACADA pekee. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na serikali za kaunti, linataja udhibiti wa dawa za kulevya miongoni mwa majukumu ya kaunti. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti zahanati, vituo vya afya na huduma za ambulensi. Polisi na mahakama hubaki chini ya serikali kuu, lakini elimu kwa wakazi na matibabu ya karibu na nyumbani ni kazi ya kaunti.

Takwimu nazo zinaonyesha haja ya elimu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65, yaani asilimia 1.9, walikuwa wakitumia bangi wakati huo. Nairobi ndiyo iliyoongoza nchini, kwa asilimia 6.3. Kwa hiyo mzazi wa Kayole, Dandora, Umoja au Jericho anayesema kwamba jambo hili haliwahusu watu wa kwake afikirie tena.

NTA NI NINI?

Bangi ni mmea. Juu ya maua yake kuna vinywele vidogo sana ambavyo huwezi kuviona vizuri bila kioo cha kukuza. Vinywele hivyo hutoa utomvu unaonata, na ndani ya utomvu huo mna kemikali nyingi. Kemikali inayolewesha huitwa kwa kifupi THC. Wanasayansi Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni ndio walioitenga na kueleza muundo wake mwaka 1964.

Majani na maua makavu yanayosokotwa mtaani huwa na THC kidogo ikilinganishwa na uzito wake. Sehemu kubwa ni nyuzinyuzi za mmea tu. Lakini utomvu ukitenganishwa na mmea na kukusanywa peke yake, kinachobaki ni THC nyingi ndani ya kipande kidogo. Njia ya zamani ya kufanya hivyo imetoa hashishi, ambayo imejulikana kwa karne nyingi kuanzia India hadi Morocco. Njia mpya hutumia kemikali, na hutoa kitu kama asali nzito, nta ya rangi ya kaharabu, vipande vinavyometa kama kioo, au mafuta yanayojazwa kwenye sigara za kielektroniki, yaani veipu.

Watumiaji wengine huivuta nta hiyo kwa vifaa maalumu. Wengine huichanganya na majani ndani ya karatasi ya kusokotea. Msokoto ukishafungwa, kwa nje unafanana na mwingine wowote. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo: anayepokezwa hana njia ya kujua kilichomo kwa kuutazama tu.

Bangi nyingi inayouzwa Eastlands bado ni majani, pamoja na ile kali inayoitwa "shash", jina linalotokana na mji wa Shashamane nchini Ethiopia. Lakini kijana anayetembelea mitandao ya kijamii anaona nta na mafuta kila siku, na anayesafiri au aliye na jamaa ng'ambo anasikia habari zake. Ni afadhali mtaa uwe na habari mapema.

TUFANYE HESABU

Ukali wa bangi hupimwa kwa asilimia ya THC. Nchini Marekani, ambako sampuli za bangi zilizonaswa zimepimwa kwa miaka mingi, wastani ulikuwa takriban asilimia 4 mwaka 1995 na ukafika takriban asilimia 12 mwaka 2014. Hayo ni majani na maua. Nta na mafuta huwa kati ya asilimia 40 na 80, na wakati mwingine zaidi.

Tuseme msokoto wa kawaida una nusu gramu ya majani yenye THC asilimia 10. Nusu gramu ni miligramu 500. Asilimia 10 ya hizo ni miligramu 50.

Sasa tuseme mtu ameongeza nta kidogo tu, sehemu moja ya tano ya gramu, yenye THC asilimia 70. Sehemu moja ya tano ya gramu ni miligramu 200, na asilimia 70 yake ni miligramu 140. Jumla ya THC ndani ya msokoto huo sasa ni miligramu 190. Ni karibu mara nne ya ule wa kwanza, ilhali umeongezeka unene kidogo tu.

Ili kuelewa ukubwa wa kipimo hicho, taasisi ya Marekani inayotafiti matumizi ya dawa za kulevya, NIDA, iliamua mwaka 2021 kwamba watafiti watumie miligramu 5 za THC kama kipimo kimoja cha kawaida. Ni kweli kwamba si THC yote inayoingia mwilini, kwa kuwa nyingine huungua na nyingine huenda na moshi. Lakini hilo hutokea katika misokoto yote miwili, kwa hiyo tofauti kati yao inabaki pale pale.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu hii haionyeshi. Nta haienei sawasawa ndani ya karatasi. Anayevuta mwanzoni anaweza kupata majani matupu, na anayefuata akakutana na mahali nta ilipo. Wanne wanaovuta msokoto mmoja hawapati kipimo kimoja. Kijana anayesema "mimi najua kiasi changu" anazungumzia msokoto wa zamani.

MWILI UNAFANYA NINI

Kipimo kikubwa cha THC kikifika kwenye damu kwa ghafla, mapigo ya moyo huongezeka na shinikizo la damu linaweza kupanda au kushuka, hasa mtu anaposimama. Kinywa hukauka na macho huwa mekundu. Kisha huja hofu kali, kutapika, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, na wakati mwingine kuona au kusikia mambo yasiyokuwepo. Kwa mtu mzima mwenye afya, hali hiyo kwa kawaida hupungua baada ya saa chache. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye historia ya ugonjwa wa akili, mjamzito na mtoto wako katika hatari kubwa zaidi.

Matumizi ya muda mrefu ya bangi kali yana athari nyingine. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanywa katika vituo 11 barani Ulaya na nchini Brazil. Watafiti waliwalinganisha watu 901 waliopatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza na watu 1,237 wasiokuwa na ugonjwa huo. Saikosisi ni hali ya mtu kushindwa kutofautisha mambo halisi na yale yaliyo akilini mwake tu. Waliotumia bangi kila siku walionekana kuwa na uwezekano wa mara tatu zaidi wa kupatwa nayo kuliko wasiotumia kamwe. Waliotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, uwezekano wao ulikaribia mara tano. Asilimia 10 ni kiwango cha chini sana kikilinganishwa na nta.

Kuna pia ugonjwa ambao familia nyingi hazijawahi kuusikia. Baadhi ya watu waliotumia bangi kwa wingi kwa miaka huanza kutapika mara kwa mara, pamoja na maumivu makali ya tumbo. Hutapika kwa siku mbili au tatu, wakapona, kisha ikarudi baada ya wiki chache. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Dalili moja ya kipekee ni kwamba mgonjwa hupata nafuu akioga maji moto, na huoga mara nyingi kwa siku. Tiba inayodumu ni kuacha bangi. Mgonjwa akimficha daktari habari hiyo, anaweza kununua dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima bila kupona.

MTU AKIZIDIWA: HATUA ZA KUFUATA

Turudi kwenye ngazi za ploti. Hivi ndivyo wale wenzake wangefanya.

Kwanza, wamwondoe penye kelele na umati. Wamketishe mahali patulivu penye hewa na mtu mmoja anayemwamini akae naye. Azungumze naye polepole, amwambie kwamba hofu hiyo imetokana na alichovuta na kwamba itapungua.

Pili, wasimwongezee kitu kingine. Asipewe pombe, miraa, sigara, wala tembe za kulala. Akiwa macho na anaweza kumeza, apewe maji kidogo kidogo. Maziwa hayaondoi THC mwilini. Na mtu aliyelegea au anayesinzia asinyweshwe chochote, hata maji, kwa kuwa kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Tatu, akitapika au akisinzia, alazwe kwa ubavu. Asiachwe peke yake "alale ipite". Mtu akae naye na kuangalia pumzi yake.

Nne, wajue dalili zinazohitaji hospitali mara moja: kuzirai au kutoamka anapoitwa, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, degedege, kutapika kusikokoma, kutaka kujiumiza au kuumiza wengine, na kuchanganyikiwa kusikopungua. Mtoto yeyote aliyevuta au kula kitu chenye bangi apelekwe hospitali bila kusubiri dalili.

Kutoka sehemu nyingi za Eastlands, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu. Hospitali ya Kitaifa ya Mafunzo na Rufaa ya Mathari, iliyo kwenye barabara ya Thika, hushughulikia magonjwa ya akili na uraibu. Simu za dharura ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapatikana bila malipo kupitia 1199.

Na ile hofu ya kuitiwa polisi? Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka habari za mgonjwa ziwe siri. Kazi ya daktari ni kuokoa maisha. Ili afanye kazi hiyo vizuri anahitaji kuambiwa ukweli: mgonjwa ametumia nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama amechanganya na pombe au dawa nyingine. Kumwambia daktari "amekula chakula kibaya" ni kumpoteza njia.

KIKIITWA NTA, JE, NI NTA KWELI?

Mmea ukiwa mmea, mtu anaweza kuutambua kwa macho na harufu. Mafuta au nta hayatambuliki hivyo. Anayenunua anategemea neno la muuzaji tu, na mataifa mengine yameshajifunza kwa uchungu.

Mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana waliokuwa na mapafu yaliyoharibika baada ya kuvuta veipu, wengi wao zile zenye mafuta ya bangi zilizonunuliwa nje ya maduka halali. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na vifo vilikuwa 68. Wachunguzi waligundua kwamba chanzo kikuu kilikuwa aina ya mafuta ya vitamini E, ambayo wauzaji walikuwa wakiyatumia kuongeza ujazo. Vitamini hiyo ni salama ikiliwa, lakini si kwa mapafu.

Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Bath kilipima veipu zilizonyang'anywa wanafunzi shuleni na kutangaza mwaka 2024 kwamba moja kati ya kila sita ilikuwa na "spice", kemikali ya maabara inayoiga THC lakini yenye nguvu na hatari zaidi. Wanafunzi wengi walidhani wamenunua bangi ya kawaida.

Sierra Leone iko karibu nasi zaidi. Huko kuna dawa inayoitwa "kush". Jina hilo ni lile lile ambalo vijana wa Nairobi hulitumia kwa bangi nzuri. Lakini kush ya Freetown si bangi hiyo. Ni mchanganyiko ambao umepatikana ukiwa na kemikali kali za maabara, zikiwemo zile za jamii ya afyuni. Imeua vijana wengi kiasi kwamba Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura ya kitaifa mwezi Aprili 2024. Jina lililoandikwa kwenye pakiti halimlindi mtu.

BISKUTI NA PEREMENDE

Utomvu na mafuta ya bangi huwekwa pia kwenye biskuti, keki na peremende. Polisi jijini Nairobi wamewahi kuwakamata watu waliokuwa wakiuza biskuti zilizochanganywa na bangi, wateja wao wakiwemo vijana.

Moshi hufanya kazi ndani ya dakika chache. Chakula huchukua kati ya nusu saa na saa mbili kabla ya kuanza kufanya kazi. Kijana hula kipande, akingoja dakika 20 bila kusikia lolote, hula kingine na kingine. Vyote vinapoanza kufanya kazi pamoja, huwa amechelewa. Hali hiyo hudumu kwa saa nyingi zaidi kuliko ya moshi.

Mtoto wa miaka mitatu akiona biskuti mezani hataisoma. Ataila. Mtoto aliyekula bangi anaweza kulala usingizi mzito usio wa kawaida, kuyumba anapotembea au kupumua kwa shida. Mzazi akiona hivyo aende hospitali mara moja, na abebe mabaki ya kile alichokula.

HATARI YA MOTO

Baadhi ya watu hujaribu kutengeneza nta nyumbani kwa kutumia gesi inayowaka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hukusanyika chini, karibu na sakafu, na cheche moja ya swichi au jiko hutosha kuiwasha. Katika nchi ambako jambo hili limeenea, nyumba zimelipuka na watu wameungua vibaya.

Wakazi wa Embakasi hawahitaji kuelezwa gesi inaweza kufanya nini. Wanaukumbuka usiku wa Februari 1, 2024, eneo la Mradi, gari lililobeba gesi lilipolipuka na moto ukateketeza makazi na biashara. Katika ploti ambako nyumba zimegawanywa kwa ukuta mmoja na ngazi ni moja, mchezo wa mtu mmoja ni hatari kwa familia zote. Harufu kali ya gesi ikisikika kutoka nyumba ambako hakuna anayepika, wakazi watoke nje, wasiwashe wala kuzima taa, na waite msaada wakiwa mbali.

SHERIA INASEMA NINI

Bangi ni haramu nchini Kenya, iwe majani, hashishi, nta au mafuta. Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 inataja mmea pamoja na utomvu wake. Kugeuza umbo hakuondoi kosa.

Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Mtu akipatikana na bangi na akaishawishi mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe tu, anaweza kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitano au kutozwa faini isiyozidi Sh100,000. Anayepatikana akilangua hukabiliwa na adhabu nzito mno, ya faini ya mamilioni ya shilingi na kifungo cha miaka mingi. Kijana anayebebea rafiki yake "kamzigo kadogo" kwa bodaboda afahamu kwamba kusafirisha nako ni ulanguzi.

Sheria pia inamgusa mwenye nyumba na msimamizi wake. Anayeruhusu jengo lake litumike kuvutia au kutayarishia dawa hizo anaweza kutozwa faini ya Sh250,000, kufungwa hadi miaka 10, au kupewa adhabu zote mbili.

Mjadala wa kuhalalisha bangi umesikika sana nchini. Katika uchaguzi wa mwaka 2022, mgombea urais wa chama cha Roots, George Wajackoyah, aliufanya kuwa ajenda yake kuu. Mwezi Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali zaidi. Hayo hayajabadilisha sheria ya Kenya. Mkazi ana haki ya kutoa maoni yake, lakini hadi Bunge libadilishe sheria, inayotumika ni iliyopo.

Sheria hiyo hiyo haikusahau matibabu. Inaipa mahakama nafasi ya kuagiza mtu apelekwe kituo cha urekebishaji tabia.

MZAZI AANZE VIPI?

Wanaoanza kutumia bangi katika ujana wana hatari kubwa ya kushindwa kuacha. Watafiti hukadiria kwamba takriban mtumiaji mmoja kati ya kila 11 huwa mraibu, lakini kwa walioanza wakiwa na umri wa chini ya miaka 18 ni karibu mmoja kati ya sita. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya kati ya ishirini.

Dalili za kuangalia ni mabadiliko yanayodumu: kijana anaacha michezo au marafiki wa zamani, hasomi wala hafanyi kazi kama awali, pesa na vitu vinapotea nyumbani, hasira inapanda asipopata kitu fulani. Kuhusu nta, mzazi anaweza kuona kikopo kidogo chenye kitu cha kahawia kinachonata, au veipu isiyonuka sigara.

Kelele na kipigo humfanya kijana ajifiche zaidi. Mazungumzo yaanze wakati wote wametulia, na yaanze kwa swali. Mama anaweza kusema: "Mwanangu, nimesikia siku hizi kuna nta inawekwa ndani ya bangi. Wewe umesikia nini?" Kijana akijibu, "Eeh mathe, hiyo iko, lakini mimi situmii," mama asikimbilie kumwita mwongo. Aendelee: "Sawa. Nataka ujue neno moja. Ukiwa popote, wewe au rafiki yako, na mtu amezidiwa, nipigie simu. Hata saa nane usiku. Hospitali kwanza, maneno mengine baadaye."

Ahadi hiyo ni lazima itimizwe. Siku kijana atakapopiga simu, mzazi akianza kwa matusi, simu ya pili haitapigwa.

KUACHA KUNAWEZEKANA

Anayetumia kila siku akiacha, huenda akakosa usingizi, akakosa hamu ya kula, akawa mwenye hasira na kuota ndoto kali. Hali hiyo huanza ndani ya siku chache, huzidi wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili hivi. Familia ikijua hivyo mapema, haitadhani kwamba kijana amerogwa au amezidi kuharibika.

Hakuna tembe iliyoidhinishwa ya kutibu uraibu wa bangi. Methadoni inayotolewa Mathari na Ngara ni ya waraibu wa heroini. Kinachosaidia kwa bangi ni ushauri nasaha unaorudiwa, kubadilisha marafiki na mahali pa kupitisha muda, na kutibu tatizo lililofichika kama vile msongo wa mawazo. NACADA hutoa ushauri bila malipo kupitia nambari 1192. Watoto na wanaowajali wanaweza kupiga 116. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea ploti anaweza pia kumwelekeza mkazi kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

MASWALI YA MJADALA

Vikundi vya vijana, chama na mabaraza ya mtaa yanaweza kutumia maswali haya:

1. Katika mfano wetu, ni nini kilichowafanya vijana watatu wasite? Je, katika mtaa wenu wangesita?
2. Msokoto wenye miligramu 190 za THC ukigawanywa sawa kwa watu wanne, kila mmoja anapata ngapi? Kwa nini jibu hilo si la kutegemewa?
3. Dalili zipi hazingoji asubuhi?
4. Ni nyumba gani katika ploti yenu ambayo kijana angeweza kubisha hodi usiku bila kuogopa?

Swali la mwisho halina jibu ndani ya makala haya. Lijibiwe mtaani. Yule kijana wa miaka 19 alikuwa orofa tatu tu chini ya mama yake, na wenzake walikuwa na simu mfukoni. Walichokosa ni kujua kwamba hospitali ni lazima impokee, na kuamini kwamba mama angefungua mlango akiuliza kwanza, "Anapumua?"